Bei Imeandikwa Mlangoni

Mlangoni pangu, hapa Braga, nimebandika karatasi:
Natengeneza cherehani. Bei ni hizi.
Kengele nimeing'oa. Gonga mara mbili.
Duarte, anayenisaidia, akaongeza kwa kalamu yake: Karibuni.
Nililiacha lile neno siku tatu, nikilichungulia,
kisha nikaona halidanganyi. Likabaki.

Taa ndefu ya dari niliitoa mwezi wa kwanza.
Ilikuwa ikiimba sauti moja, nyembamba kama sindano,
na hakuna aliyeisikia ila mimi.
Fundi wa umeme akasema, "Mama, taa haiimbi."
Nikamlipa. Nikawasha ya mezani.

Mashine hazina mafumbo.
Ikiruka mshono, imeruka mshono.
Ikisema tak-tak, kisha tak ya tatu ikachelewa,
najua ni ndoano, najua imelika upande gani,
kabla sijashika bisibisi.
Watu ndio wenye tak ya tatu nisiyoisikia.
Mtu anasema, "Nitapita kesho";
nakaa kesho nzima, mashine yake nimeipangusa,
chai inapoa,
kumbe kesho ilikuwa namna ya kuaga.

Daktari aliipa hali hii jina: usonji.
Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mmoja,
duka lilikuwa na tisa.
Nikarudi, nikafungua saa nane kamili, kama karatasi isemavyo.
Jina nikaliweka kwenye droo ya pili,
pamoja na skrubu ambazo bado sijajua ni za mashine ipi
lakini sizitupi.

Bwana Quintela, mwenye kiwanda cha mashati,
alikuwa na mashine arobaini na mbili za kutengenezwa.
Akanialika chakula cha mchana, tuongee.
Mkahawa ule! Sahani, vijiko, mtoto akilia,
mtambo wa kahawa ukifoka,
na yeye akinisimulia goti la mkwewe.
Nikamwambia: "Niandikie idadi, aina na tarehe."
Akacheka. Nikangoja amalize kucheka.
"Basi niangalie tunapozungumza," akasema.
Nikamwangalia.
Kwa hiyo sikusikia yaliyofuata.

Kazi alimpa mwingine, mwenye tai.
Duarte hakunilaumu. Alifagia sana siku ile,
hata pale palipokwisha kufagiwa.
Kodi ya Novemba nikailipa kwa akiba ya paa,
paa nalo likavuja, nikatega beseni,
nikahesabu matone: kumi na tisa kwa dakika.
Sitakudanganya, hesabu ile ilinituliza.

Februari, hodi mbili.
Mwanamke, Ermelinda jina lake, kabeba mashine ndani ya shuka,
kaipakata kwenye basi kutoka kiwanda kile kile.
"Huyu nimefanya naye kazi miaka kumi na minne," akasema.
"Wamemtengeneza mara tatu. Bado analia."
Hakuniuliza nimeamkaje. Hakuusaka uso wangu.
Aliitazama mashine, nami nikaitazama,
tukawa wawili, kitu kimoja mbele yetu,
mvua nje, na hakuna aliyedaiwa neno.

Nikafungua. Tak-tak. Tak.
Uzi mweusi, mfupi kama kope,
umejiviringisha kwenye mhimili mahali ambapo mwenye haraka hafiki.
Nikautoa kwa koleo. Dakika sita.
Tak-tak. Tak-tak. Tak-tak.
Ermelinda akaweka kiganja juu ya mashine
kama mtu apimaye homa iliyoshuka.

Akatoa noti ya euro ishirini.
"Chukua zote."
Nikamwonyesha karatasi: kuangalia na kusafisha, nane.
Akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari,
hadi Karibuni.
Akapokea kumi na mbili zake, akazihesabu,
akazihesabu tena.
Nilimpenda kwa ile mara ya pili.